Mashine ya Nne

Mashine ya nne ilikuja juu ya punda,
ndani ya kasha lililoandikwa TAHADHARI, KIOO.
Famau, aliyeileta kutoka gatini,
aliniuliza kama inakula umeme kuliko friji.
Nikamwambia: inakula kama mgeni,
siku ya kwanza kwa haya.

Tatu za awali nilizipa majina ya nyumba yetu ya Mkomani:
Daka, Msana, Ndani.
Basi hii ni Kiwanda.
Zote hufungua kabati moja la mafaili:
hati za ndoa, za mirathi, za minazi,
kurasa ambazo mchwa alizisoma kabla yetu.
Na kila mashine huandika humo
kana kwamba kuna mkono mmoja tu.

Saa sita za usiku. Langoni imelala.
Skrini nyeusi, kishale kinapepesa.
Hapa hapana vipicha vya kubofya.
Unasema neno, unabonyeza, unangoja,
na ukikosea herufi moja
unajibiwa kavu, kama shangazi Mwanashee
ukimwingilia bila hodi.

Naandika: ongeza.
Naandika jina, anwani, mlango, nambari.
Nambari huanzia sifuri: Daka sifuri,
Msana moja, Ndani mbili.
Wa kwanza hana kitu;
hilo lilinichukua mwaka kulizoea.
Kiwanda, tatu.
Nabonyeza.

Kimya.
Kwenye mstari wa amri kimya ni sifa,
mashine ikiridhika haina la kusema.

Daka kimya. Msana kimya.
Ndani akasema:
nambari tatu ina mwenyewe.

Nikaifungua nakala yake.
Faili ndogo, mistari ishirini na mmoja,
ambayo sharti ifanane kila mahali, neno kwa neno,
hata nafasi tupu mwanzoni mwa mstari.
Na mle Ndani amejiita tatu.
Hakujiita. Ameitwa.
Nikamlaani Shukri, anayependa njia za mkato,
nikatazama tarehe:
mwezi tisa Ramadhani, saa nane usiku,
jina la aliyebadilisha: langu.

Usiku ule Bwanaheri alinipigia simu
akasema ameshatia sahihi.
Tulikuwa warithi watatu, nakala tatu za hati moja,
na ya kwake ilikuwa na mstari
ambao katika zetu haukuwamo.
Mama alikuwa akisema nyumba haigawiki kama halua.
Mimi simu sikioni, vidole kwenye funguo,
nikiitikia, nikiandika, sijui kipi kwa kipi.

Nikazishusha zote. Moja moja, kwa utaratibu,
maana ukiivua mashine kabati ikiwa bado imelishika
utalia.
Tatu nikaifuta, mbili nikairudisha.
Nikainakili faili kwa Daka, kwa Msana, kwa Kiwanda.
Nikalinganisha. Nikalinganisha tena.
Nikaziamsha.

Sasa kila sekunde mbili kila moja huacha alama diskini:
nipo.
Na ile isiyoweza kuwafikia wenzake
huhesabu kidogo, halafu hujizima yenyewe,
kuliko kubaki peke yake ikiandika.
Nilipomweleza Famau hayo akacheka sana,
akasema huyo ndugu hajazaliwa Amu.

Mkomani sijapita tangu Mfunguo Tatu.
Nasikia zidaka za ndani
zimetiwa taa za rangi, na mlango una kufuli la namba.

Naandika: orodhesha.
Daka. Msana. Ndani. Kiwanda.
Nauliza tena, si kwamba sikuamini.
Nataka tu kuyasoma majina yakiwa pamoja.

Betri ya akiba imeanza kulia.
Kasha la Famau bado liko mlangoni,
limejaa majani makavu, na paka amelala humo.